Shajara ya diski ya Mwalimu: siku 20 za kutafuta sauti zilizopotea

Jumamosi, 8 Februari 2025

Mwalimu amenipigia simu saa 4 asubuhi. Nimemwamkia, ameitikia marahaba kwa sauti ndogo, halafu kimya. Kisha: "Mwanangu, kompyuta imefutwa."

Huyu ni mwalimu wangu wa darasa la sita. Alipostaafu alinunua kinasa sauti kidogo akaanza kuzunguka pwani ya Pangani: Bweni, Mwera, Kipumbwi, Mkwaja. Anawarekodi wazee wakieleza majina ya pepo, sehemu za jahazi, ngano, nyimbo za kusukuma chombo majini. Kazi hiyo ameifanya tangu 2011. Baadhi ya waliorekodiwa hawapo tena duniani.

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta ilikuwa imezeeka na kuwa nzito, na kijana mmoja fundi alikuja jana kumwekea mfumo mpya wa kuendesha kompyuta kwa flashi. Penye swali la wapi mfumo ukae, akachagua kufuta diski yote. Mwalimu alikuwa jikoni anachemsha chai. Aliporudi akaona mstari wa asilimia unatembea, akauliza, "Na kazi zangu ziko wapi?" Jibu halikumridhisha, akachomoa waya ukutani.

Nimemwambia kwamba kuchomoa waya kule ndiko kulikotupa nafasi. Nimemwomba asiiwashe tena hata kwa kujaribu tu, aifunge kwa kanga na kuileta Tanga kwa basi. Imefika alasiri.

Nimefungua kasha na kusoma lebo. Ni diski ya kuzunguka, ya gigabaiti 500. Nimeshukuru Mungu kwa sauti. Ingekuwa SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, ningekuwa na machache sana ya kuandika hapa, kwa sababu programu ya kuunda mfumo wa faili wa ext4 (utaratibu wa Linux wa kupanga faili diskini), `mke2fs`, kwa kawaida yake huiambia SSD kwamba vyumba vyote sasa ni vitupu, na SSD ikishapokea taarifa hiyo huvisafisha yenyewe. Diski ya kuzunguka haina tabia hiyo. Kilichoandikwa juu ya sahani kinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe mahali pale pale.

Jumamosi hiyo hiyo, usiku

Nimeiunganisha na kompyuta yangu na kuwasha kwa flashi ya SystemRescue, mfumo wa dharura wa kuokolea kompyuta. Amri ya kwanza kabisa:

`blockdev --setro /dev/sdb`

Hii inaizuia kerneli, yaani kiini cha mfumo, isiandike chochote kwenye diski. Baada yake `smartctl -a /dev/sdb`, nione afya yake. Mstari wa Current_Pending_Sector unasema 16, maana yake kuna sekta 16 (vipande vidogo vya diski, baiti 512 kila kimoja) ambazo diski ilishindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya. Kwa hiyo tuna mambo mawili kwa pamoja: faili zimefutwa, na diski yenyewe imeanza kuchoka.

Hilo limeamua utaratibu wote. Sitatafuta faili kwenye diski hii. Nitachukua nakala yake yote, sekta kwa sekta, kisha nifanye kazi kwenye nakala. Kesho asubuhi nanunua diski ya terabaiti 2.

Jumapili, 9 Februari

Chombo cha kunakili diski inayochoka ni GNU ddrescue, programu ya Antonio Diaz Diaz. `dd` ya kawaida ikikuta sekta mbovu husimama. ddrescue hupita, ikachukua kwanza vilivyo vizima, kisha ikarudi kwenye vigumu. Na huandika ramani ya kila ilipofika.

`ddrescue -d -n /dev/sdb mwalimu.img mwalimu.map`

Nimeanza saa 3 asubuhi. Saa 4 kasoro umeme umekatika mtaa mzima. Hapo ndipo ramani inapojulikana faida yake. Umeme uliporudi saa 9 alasiri nimezuia tena kuandika, nimetoa amri ile ile na faili ile ile ya ramani, nayo imeendelea karibu na pale ilipoachia. Bila ramani ningeanza upya, na diski iliyochoka kila kuisoma upya ni kuipunguzia siku.

Raundi ya kwanza imeacha baiti 24,576 bila kusomwa. Raundi ya pili, kwa `-r3`, imepunguza hadi 8,192, yaani sekta 16 zile zile zilizotajwa jana. Kati ya baiti 500,107,862,016 tumekosa 8,192. Nimeridhika.

Nimepiga `sha256sum` ya nakala, hesabu ya kuhakiki kwamba faili haijabadilika, nikaandika jibu lake kwenye daftari, kisha nimetengeneza nakala ya pili ya kufanyia kazi. Ya kwanza haiguswi na mtu.

Jumatatu, 10 Februari

Leo ni siku ya hesabu, na nimeifurahia kuliko nilivyotarajia.

Mfumo wa zamani niliuweka mimi mwenyewe mwaka 2016, kwa mpangilio wa kizamani wa MBR. Katika mpangilio huo orodha yote ya partisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, imo ndani ya sekta ya kwanza ya diski: baiti 64, nafasi nne za baiti 16 kila moja. Ndiyo maana mara nyingi partisheni "iliyopotea" haijapotea hata kidogo. Kilichopotea ni kibandiko cha mlangoni, chumba kiko pale pale na vitu vyake.

Kwa Mwalimu mambo yamezidi kidogo. Usakinishaji uliandika jedwali jipya la GPT, mpangilio wa kisasa wa kuorodhesha partisheni, ukatenga partisheni ya kuwashia ya megabaiti 512, na sehemu yote iliyobaki ukaifanya ext4 moja kubwa. Kisha ukaanza kumwaga faili za mfumo mpya. Swali ni moja tu: mfumo mpya uliandika wapi hasa?

Nimefungua TestDisk ya Christophe Grenier na kuielekeza kwenye nakala ya kazi. Utafutaji wa haraka umeonyesha partisheni mpya tu. Nimeingia utafutaji wa kina, ambao hupita diski nzima ukitafuta alama za mwanzo wa mifumo ya faili. ext4 hujitambulisha kwa superbloku, kibandiko kinachokaa baiti 1,024 baada ya mwanzo wa partisheni, na nakala zake hutawanywa sehemu mbalimbali ndani ya diski. Utafutaji umechukua muda mrefu. Nimekula, nimeswali, nimerudi.

Saa 2 usiku mstari umetokea: partisheni ya Linux inayoanzia sekta 113,248,256.

Nimetoa daftari langu la 2016. Mfumo gigabaiti 50, swap (nafasi ya akiba ya kumbukumbu) gigabaiti 4, na kilichobaki ni data. Ukianza sekta 2,048 na kujumlisha hizo mbili, unafika 113,248,256 kamili. Nimebonyeza P ili niorodheshe faili, na folda zimejipanga mbele yangu: Bweni, Kipumbwi, Mkwaja, Mwera, Picha, Daftari.

Nimempigia Mwalimu ingawa usiku ulikuwa umeingia. Nimemsomea majina ya folda moja baada ya nyingine. Nilipofika Mkwaja akasema, "Basi, mwanangu. Basi. Nimesikia."

Jumanne, 11 Februari

Lazima niandike kosa la leo jinsi lilivyo.

TestDisk ina kitufe cha kuandika jedwali la partisheni upya. Wengi hukibonyeza wanapoona folda zao. Sikukibonyeza, kwa sababu hapakuwa na haja: partisheni inaweza kusomwa ndani ya nakala bila kubadilisha hata baiti moja. Unazidisha sekta ya mwanzo kwa 512, unapata 57,983,107,072, kisha:

`losetup -r -f --show -o 57983107072 mwalimu-kazi.img`
`mount -o ro,noload /dev/loop0 /mnt/mwalimu`

Neno `noload` linaizuia ext4 isisome jarida lake, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ya karibuni, na kujaribu kujirekebisha. Imepachikwa mara moja. Mpaka hapo sikukosea.

Kosa lilikuwa kabla ya hapo. Asubuhi niliwasha kompyuta kwa mfumo wangu wa kila siku badala ya flashi, na diski ya Mwalimu ilikuwa bado imeunganishwa. Ile amri ya kuzuia kuandika haidumu ukizima na kuwasha. Mfumo wangu ukaona partisheni mpya ya ext4, ukaipachika wenyewe kwa ukarimu, na nilipoona taa ya diski inamulika bila mimi kuamuru lolote nikaruka kuchomoa.

Taa ile ilikuwa na maana. ext4 inapoundwa siku hizi haisafishi majedwali yake ya ainodi (kadi za maelezo ya faili) papo hapo, kwa sababu kwenye diski kubwa ingechukua muda. Inaiachia kerneli kazi hiyo iifanye polepole kila mfumo unapopachikwa kwa ruhusa ya kuandika. Unaweza kuona imefika wapi kwa `dumpe2fs`: kila kundi la bloku (vipande ambavyo ext4 huhifadhia data) lililokwisha kusafishwa huwa na alama ya ITABLE_ZEROED.

Kwenye nakala yangu, alama hizo zinaishia kundi la 1,103. Kwenye diski halisi, baada ya uzembe wangu wa asubuhi, zinaishia kundi la 1,167. Makundi 64, megabaiti 2 kila moja. Megabaiti 128 zimefutwa kwa sifuri wakati mimi nanywa uji. Kama ningekuwa sina nakala, ningekuwa nimeua sauti za watu kwa mkono wangu, na hakuna programu duniani ambayo ingezirudisha.

Nimechomoa diski, nimeitia ndani ya bahasha na kuifungia kabatini. Haitoki tena.

Alhamisi, 13 Februari

Siku mbili za kupima madhara. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na sijawahi kukuta mtu akiyaeleza kwa Kiswahili.

ext4 huigawa partisheni katika makundi ya megabaiti 128. Majedwali ya ainodi, yaani kadi zinazosema faili ni kubwa kiasi gani na vipande vyake viko wapi, hukusanywa kwa kila makundi 16. Kwa hiyo katika kila gigabaiti 2 kuna ukanda wa megabaiti 32 wa kadi. Mfumo mpya ulipokuwa unasafishwa, ulikuwa unatia sifuri ukanda mmoja mmoja wa namna hiyo, kuanzia mwanzo wa diski kwenda mbele.

Partisheni ya zamani ya data inaanzia kundi la 428 la mfumo mpya, barabara. Ukigawa 428 kwa 16 unabaki na 12. Hiyo ndiyo bahati yetu. Kanda za mfumo mpya hazikuangukia juu ya kanda za mfumo wa zamani. Zimepishana kwa makundi manne. Kadi za zamani zote ni nzima, na ndiyo sababu folda na majina vimetokea kama vile hakuna lililotokea. Tungekuwa tumepanga swap ya ukubwa mwingine mwaka ule, huenda kanda zingeangukiana, na leo tungekuwa na lundo la faili zisizo na jina.

Lakini kanda hizo hazikuangukia hewani. Zimeangukia katikati ya data. Kuanzia kundi la 432 hadi la 1,103 kuna kanda 42, na kila moja imefuta megabaiti 32. Juu ya hapo kuna jarida la mfumo mpya, gigabaiti nzima ambayo ext4 huiweka katikati ya partisheni na kuijaza sifuri wakati wa kuundwa.

Kujua ni faili gani zimeguswa, nimetumia `debugfs`. Unaipa namba ya bloku kwa `icheck`, inakupa ainodi inayoimiliki. Unaipa ainodi kwa `ncheck`, inakupa jina la faili. Nimeandika skripti fupi ya kupita kanda zote 42 na eneo la jarida, na usiku huu jibu limetoka.

Faili zote ni 2,914. Nzima ni 2,867. Zilizoguswa ni 47: rekodi 28 na picha 19. Kati ya rekodi hizo 28, mbili za Mwera zilikaa zote mbili ndani ya eneo la jarida. Zinafunguka, zina jina, zina urefu sahihi, na ndani yake ni sifuri tupu.

Nyingine 26 ziko katika hali ambayo imenikaa kifuani tangu nilipoifahamu. Kinasa sauti cha Mwalimu huhifadhi faili za WAV, sauti isiyobanwa, baiti 176,400 kwa kila sekunde. Katika WAV ya namna hii sifuri ni ukimya. Megabaiti 32 za sifuri ni ukimya wa dakika 3 na sekunde 10. Nimefungua moja ya Bweni: mzee anaeleza foromali na dasi, anataja demani na joshi, mti na kamba za tanga hizo, anasema "na upepo ukishageuka, nahodha…" halafu kimya. Dakika 3 na sekunde 10. Kisha anarudi akicheka, na watu waliomzunguka wanacheka naye, kwa jambo ambalo hatutalisikia tena.

Jumamosi, 15 Februari

Nimenakili kila kilicho kizima kwenda diski mbili tofauti, kwa `rsync`, na kulinganisha jumla za sha256 mara mbili. Zimelingana zote.

Nimempigia Mwalimu kumpa hesabu. Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha ameuliza, "Na zile za Desemba?"

Za Desemba ni rekodi tisa za Kipumbwi. Hakuwahi kuzihamishia kwenye folda ya kazi. Aliziacha juu ya meza ya kompyuta, pale pale unapoona picha ya mandhari. Na meza ya kompyuta iko ndani ya folda yake ya nyumbani, na folda ya nyumbani ilikuwa kwenye partisheni ya kwanza, gigabaiti 50 zile zile ambazo mfumo mpya ulianza kumwaga faili zake.

Sikutaka kumpa ahadi. Nimemwambia, "Mwalimu, hizo ziko mahali pagumu. Nitajaribu."

Jumatatu, 17 Februari

Partisheni ya kwanza. Superbloku kuu imekwenda. Pale ilipokuwa sasa pana mfumo wa FAT wa partisheni ya kuwashia. Lakini nakala ya kwanza ya superbloku hukaa bloku 32,768, na mahali hapo pameangukia katikati ya zile megabaiti 512 za kuwashia, ambazo ni tupu karibu zote.

`e2fsck -n -b 32768 -B 4096 /dev/loop1`

Herufi `-n` ni ya kuangalia tu bila kurekebisha. Inafunguka, na makosa yanashuka kama mvua ya masika. Nimeingia kwa `debugfs` kutafuta folda ya nyumbani ya Mwalimu. Ipo kwa jina, lakini kadi zinazofuata chini yake zimefunikwa na faili za mfumo mpya: nimesoma baiti zake na kukuta ni kipande cha tafsiri za menyu kwa lugha nyingi. Majina ya zile tisa hayatapatikana kwa njia hii.

Mtu mmoja niliyemweleza ameniuliza kwa nini situmii programu za kufufua faili za ext4 zilizofutwa, zile zinazosoma jarida. Hizo ni za faili iliyofutwa kwa `rm` ndani ya mfumo ambao bado uko hai, na jarida lake bado lina kumbukumbu ya kadi kabla haijafutwa. Hapa mfumo wenyewe ndio uliokwenda.

Imebaki PhotoRec.

Jumanne, 18 Februari

PhotoRec ni ndugu wa TestDisk, imetoka kwa mtu yule yule. Jina linasema picha, lakini inatafuta aina nyingi sana za faili. Haijali partisheni, wala folda, wala majina. Inasoma bloku moja baada ya nyingine ikitafuta faili zinavyoanza. JPEG huanza na FF D8 FF. PDF huanza na alama ya asilimia na herufi PDF. WAV huanza na herufi RIFF, na mara baada yake baiti nne zinazosema ukubwa wa faili. Kwa WAV hilo ni jambo kubwa: PhotoRec inajua ianzie wapi na ikate wapi, mradi faili iliandikwa mfululizo.

Nimeizima kila aina isipokuwa riff, nikaipa gigabaiti 50 za mwanzo, na kuielekeza imwage matokeo kwenye diski nyingine. Usiimwagie kamwe kwenye diski ile ile unayotafuta; itakuwa inaandika juu ya kile inachokitafuta.

Imeleta faili 212. Nyingi ni vilio vidogo vya mfumo: kengele ya betri, sauti ya kufungua dirisha. Nimepanga kwa ukubwa. Zinazozidi megabaiti 50 ni saba.

Saba. Mwalimu alisema tisa.

Hazina majina. Zinaitwa f na namba ya sekta zilipoanzia. Tarehe hazina. Nimeweka ya kwanza masikioni: bahari kwa mbali, jogoo, kisha sauti ya mwanamke mzee anakohoa. Nimezima. Sikuona kuwa ni haki yangu kuwa wa kwanza kuzisikiliza.

Jumamosi, 22 Februari

Nimekwenda Pangani kwa basi la asubuhi, diski moja kwenye begi la mgongoni na nyingine nimeiacha Tanga. Ikipotea moja njiani, ibaki moja.

Tumekaa barazani kwake. Upepo wa kaskazi ulikuwa unavuma na pantoni inakwenda na kurudi Bweni. Mke wake ametuletea kahawa na kashata, akakaa nasi. Nimebonyeza ile ya kwanza. Kikohozi tu, kabla mtu hajasema neno, Mwalimu akainua kidole. "Huyu ni Bibi wa nyumba ya mwisho kabla ya mikoko. Andika." Nimeandika kijiji, mwezi, na mada aliyonitajia kabla haijafika: jinsi wanawake walivyokuwa wakivua dagaa kwa mtandio. Dakika moja baadaye bibi akaanza kueleza mtandio.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda kutwa nzima. Faili isiyo na jina, sekunde tano, kumi, naye anaitaja. Mmoja alimjua kwa mbwa anayebweka nyuma. Mwingine kwa redio ya jirani. Programu zote nilizotumia wiki mbili hizi hazikuweza kufanya kazi hii, na hakuna itakayoweza, kwa kuwa majina yale hayakubaki popote kwenye diski. Yalibaki kwa Mwalimu.

Ya tano ina jeraha. Dakika ya 14 sauti inakatika na kelele inaingia, kama mvua kubwa juu ya bati. Ni faili za mfumo mpya zilizoandikwa katikati ya rekodi, na spika inajaribu kuzisoma kama sauti. Nimemweleza Mwalimu. Ameomba nisiikate, niiache na kelele zake, ila niandike pembeni kwamba hapo pameliwa.

Jumapili, 23 Februari

Nimelala Pangani. Leo tumeshughulikia zile 26 zenye ukimya.

Mwalimu ametoa kabatini madaftari yake ya shule, yale ya kurasa 96. Kumbe kila rekodi aliiandika kwa mkono, si neno kwa neno, lakini kwa mpangilio wa mazungumzo. Ile ya Bweni, ya nahodha na upepo uliogeuka: ukurasa wa 31. Nahodha alimwambia kijana alegeze demani, kijana akasikia vingine akakimbilia nanga, akaitupa, chombo kikasimama ghafla na wote wakaanguka. Ndicho walichokuwa wanakicheka.

Nimecheka na mimi, miaka mingi baada yao.

Tumekubaliana hivi: kila rekodi yenye pengo itakuwa na faili ya maandishi yenye jina lile lile, ikionyesha pengo linaanzia dakika gani na kuishia gani, na katikati maneno ya daftari. Mbili za Mwera zilizofutika kabisa zitabaki kama maandishi tu. Sauti zilizo tupu nimezifuta mbele yake kwa ruhusa yake, ili asije mtu akadhani bado kuna kitu ndani.

Alhamisi, 27 Februari

Hali ya mradi leo.

Faili 2,867 ni nzima na ziko katika diski tatu: moja kwa Mwalimu, moja kwangu Tanga, moja kwa binti yake Dar es Salaam. Rekodi 26 zina mapengo, na 11 kati ya hizo tayari zina maandishi yake. Picha 19 zimeharibika. Saba nimezipata ndogo ndogo ndani ya barua alizowahi kutuma, nyingine zimekwenda. Za Desemba zimepatikana saba kati ya tisa, moja ikiwa na jeraha.

Kompyuta ya Mwalimu nimeiwekea diski mpya na mfumo mpya. Folda ya nyumbani iko kwenye partisheni yake yenyewe. Nimeandika mpangilio wa partisheni kwa `sfdisk -d`, nikauchapa kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kasha la kompyuta. Kila Ijumaa jioni kompyuta itamkumbusha achomeke diski ya nakala. Amesema Ijumaa ni siku nzuri, hataisahau.

Mbili za Desemba zilizobaki hatujazipata. Nimepita gigabaiti 50 zile mara mbili zaidi, safari ya mwisho nikitafuta herufi RIFF mwenyewe kwa `grep -abo`, na mahali pawili palipostahili kuwa na mwanzo wa faili sasa pana maktaba za mfumo mpya. Nimeacha kutafuta.

Moja ya hizo mbili ilikuwa ya mzee aliyefariki mwezi uliopita. Daftari lina kurasa tatu zake. Ya pili ni ya nahodha mstaafu wa Kipumbwi, ambaye yuko hai, anaumwa miguu lakini mdomo ni mzima, kwa maneno ya Mwalimu. Kesho saa 12 asubuhi Mwalimu anapanda basi la Kipumbwi. Nimemwekea kinasa sauti betri mpya na kadi mbili, na amebeba daftari jipya.